Ukuta wa Kalenda

4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Salamu hizi ni nyingi, kwa hiyo naomba uzigawe: shemeji apate zake, watoto zao, na ule mguu wako unaovimba upate zitakazobaki. Huku hatujambo. Ng'ombe wawili wanakamuliwa. Wa tatu amekausha, lakini anakula kama anayekamuliwa. Mvua imenyesha ya kutosha kuvujisha paa, ila majani bado hayajaiona. Kuku wamefika kumi na tisa, wote kwenye banda lile lile la marehemu mzee, wamebanana ukutani na hawana malalamiko.

Wifi yako amekwenda kwao kusalimia. Amekwenda na cherehani.

Hilo ni dogo, tuliache. Jambo kubwa ni kwamba nimeamua kuipaka nyumba rangi. Unaijua ilivyo. Mzee aliipaka kahawia ndani yote, ile rangi nzito ya mafuta wanayopaka matela ya trekta, na tangu hapo saa sita mchana tunatafutana kwa sauti. Juzi nilimkaribisha mgeni kiti, akamkalia paka. Wifi yako alikuwa anashonea chumba cha mbele, ubavuni mwa taa, na taa yenyewe inajimulika peke yake. Mwalimu mkuu alileta kitambaa cha suruali, akapewa suruali yenye zipu nyuma. Kwa kuwa ni mtu wa heshima hakuirudisha. Aliivaa kwenye mkutano wa wazazi. Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipogeuka kuandika ubaoni.

Wifi yako alikuwa mstari wa mbele. Aliporudi nyumbani ndipo alipokumbuka kwamba hajawasalimia kwao siku nyingi. Getini aliniambia, "Siku nyumba hii ikipata mwanga, uniite. Mimi si popo."

Sasa dada, wewe uko duka la rangi, kwenye mashine ya kuchanganyia. Usiniambie hamna hata kopo moja lililokosewa.

Ni mimi mdogo wako, ambaye sasa anajua chumvi inakaa wapi.

19 Februari

Mdogo wangu mkaidi,

Salamu zimefika na nimezigawa. Mguu umefurahi sana, haukutegemea. Shemeji yako amepanda cheo: zamani alikuwa anafungua geti la ghala, siku hizi analifunga. Mtoto mkubwa anataka kuwa rubani, mdogo anataka kuwa mkubwa.

Nikuulize, wewe uliyesoma. Mtu akienda kusalimia hubeba cherehani? Na meza yake? Na kamba ya kuanikia nguo? Wifi ameniandikia na mimi. Aliyoyasema ni ya wanawake wawili, sitayarudia, ila neno "pango" limo mara sita, na la sita amelipigia mstari.

Nakutumia makopo manne ya nyeupe ya maziwa. Mteja aliyaagiza, akayaona, akasema ni meupe mno. Yanakuja na lori la mbolea, kwa hiyo yape siku mbili nje kabla hujayaingiza ndani.

Fuata maelekezo, usijifanye fundi. Koroga mpaka mkono uchoke. Paka kuanzia juu kwenda chini. Rangi ya zamani usiikwangue, pita juu yake tu. Na ule ukuta wa kalenda, wa upande wa banda la kuku, usiuguse kabisa. Ule ni wa mzee. Mwachie marehemu ukuta wake.

Dada yako, anayekupenda kwa shida.

20 Machi

Dada,

Tunashukuru tu wazima, mimi na ng'ombe. Lori lilikwama wiki mbili kwenye tope, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Mpe shemeji pongezi za geti.

Nimepaka. Siku ya kwanza nyumba iliwaka kama shati la sikukuu. Siku ya pili kahawia ya mzee ikaanza kupanda kutoka chini, taratibu, kama mtu anayetoka kuoga. Ilipofika Ijumaa nilikuwa na nyumba ya rangi ya chai ya maziwa. Nikapaka tena. Chai ikaongezwa maziwa, lakini ilibaki chai.

Wifi yako alipita kuchukua mkasi wake. Alisimama mlangoni akapepesa macho.

"Umepaka?"

"Nimepaka."

"Wapi?"

Akaupata mkasi kwa kupapasa, akaenda zake. Hata maji hakunywa.

Ukuta wa kalenda sikuugusa kwa rangi, nimeufuta vumbi tu. Zile fremu mbili za mbao, zenye vijiti vya msalaba katikati na msumari wa kutundikia, nilizivua kalenda zote zilizolaliana. Ya mwisho kabisa, iliyogandamana na ukuta, ni ya mwaka niliokuwa na miaka mitatu. Hakuna ya zamani kuliko hiyo. Nadhani kabla ya hapo watu walikuwa wanazikumbuka tarehe kichwani. Kwani mzee alizitengeneza mwenyewe fremu hizo? Ni kubwa sana kwa kalenda. Anaweza kulala mtu.

Mdogo wako, mwenye rangi mpaka kwenye nyusi.

2 Aprili

Mdogo wangu,

Kwetu wote wazima. Rubani ameanguka kutoka juu ya kabati, hakuumia. Shemeji yako alisahau akafungua geti badala ya kufunga, akarudishwa nyuma siku tatu.

Nyeupe haina nguvu za kupigana na kahawia. Hapo inatakiwa rangi yenye ubishi. Nimekutumia makopo matatu ya manjano na manne ya kijani. Manjano iliagizwa na shule ya chekechea, watoto walipoingia darasani wakalia. Kijani ni ya zahanati, sijui waliikatalia nini, mimi naiona ya kistaarabu.

Unaniuliza kama mzee alizitengeneza mwenyewe zile fremu. Mvua huko inaendeleaje?

Usikwangue.

Dada yako.

11 Mei

Dada,

Mvua inaendelea vizuri, asante kwa kuuliza. Ng'ombe wa tatu aliugua kidogo, akapona. Mimi sina hakika.

Nilianza na manjano. Nyumba haikupata mwanga, ilipata hasira. Ukiingia ni kama umeingia ndani ya boga na mtu amekufunikia kifuniko. Nikaona niipoze kwa kijani chumba cha mbele na ukumbini. Daktari wa mifugo alipokuja kumwona ng'ombe nikamkaribisha ndani asaini karatasi. Aliinua kichwa, akaniangalia, akaweka kalamu chini. "Umekuwa hivi tangu lini?" Nikamwambia ni ukuta. Akasema, "Toa ulimi." Nikautoa, basi, nifanyeje. Akaniandikia dawa ya ndama.

Baada ya hapo nilimwita Fundi Tone. Humjui, alihamia hapa juzi juzi. Anaitwa hivyo kwa sababu anajisifu hajawahi kudondosha hata tone, na anayasema hayo akiwa amevaa kila rangi aliyowahi kuipaka. Alizunguka nyumba nzima akigonga kuta kwa kidole kama mnunuzi wa matikiti. Halafu akasema, "Bosi, wewe unampaka poda mtu ambaye hajaoga. Kwangua kwanza." Nikamwambia dada kakataza. Akauliza, "Kwa nini?" Nikamwambia nitakuandikia. Kwa nini, dada?

Sasa niache utani kidogo. Wifi yako amepata chumba cha kushonea sokoni, hatua chache kutoka kwao. Anakichukua tarehe mosi Julai. Kina dirisha. Nilipokwenda kumwona alinisimulia lile dirisha kwa robo saa nzima, jinsi watu wanavyosimulia watoto wao. Hakuwa amekasirika. Ningependa angekuwa amekasirika. Wifi yako akiweka cherehani mahali na kuipiga mafuta, hapo ni kwake, na mimi nitakuwa mtu anayekwenda kumsalimia Jumapili kwa mama mkwe nikiwa nimechana nywele.

Kwa hiyo nakuuliza mara ya pili: kwa nini nisikwangue?

Mdogo wako.

25 Mei

Mdogo wangu,

Huku jua ni kali. Sukari imekuwa ngumu, inabidi kuigonga. Mguu haujambo.

Nasikitika sana kuhusu chumba cha sokoni. Nimesikitika siku mbili, muulize shemeji yako, hata chakula nilikiungulisha.

Kuhusu kukwangua, watu wengine wanakwangua, wengine hawakwangui, na wote wanazeeka.

Ukikwangua, basi kwangua polepole. Na usitumie nguvu pale katikati ya fremu.

Na ujue nilikuwa mtoto.

Dada yako.

9 Juni

Dada,

Leo salamu utazikuta mwishoni, kama nitakuwa nimepoa.

Fundi Tone alikuja Jumatatu na visu vyake vipana. Tuliuanza ukuta wa kalenda, yeye fremu ya kushoto, mimi ya kulia. Rangi ya mzee ilikuwa nene kama ngozi ya kiatu, inatoka kwa vipande. Mara nikasikia kisu changu kimebadilisha sauti. Mbao husema "krr". Hapo palisema "kiii". Fundi Tone akanitazama, nikamtazama. Nikakwangua kipande kama kiganja cha mkono, nikapuliza vumbi, nikasogeza uso karibu.

Nikakuta jicho.

Jicho la mviringo, la rangi ya chungwa, lisilopepesa, limenikazia kutoka ndani ya ukuta wa baba yangu. Fundi Tone alitoka kwa mlango ambao sisi huwa hatuutumii, ule wa mbele, na ndipo tulipojua kwamba unafunguka. Ngazi ilimfuata. Rangi yote aliyokuwa nayo ilimwagika, kwa hiyo hata lile jina itabidi tulifikirie upya.

Mimi nilibaki. Si kwa ushujaa, mguu ulikuwa ndani ya ndoo. Ndiyo maana nilipata muda wa kuliangalia lile jicho vizuri, nikaona lina kilemba chekundu juu. Alikuwa mtetea wangu mweusi, dada. Amelala kwenye kiota, upande wa pili wa kioo, na ananiangalia kama mtu aliyesubiri miaka mingi afunguliwe.

Kioo! Madirisha mawili! Mazima, yenye vioo vinne kila moja, yanayotazama barabara! Nimetundika kalenda kwenye dirisha maisha yangu yote. Nimewaambia wageni, "Fundi wa zamani alikuwa na akili, alitengeneza kabisa mahali pa kalenda." Nimemwambia mke wangu maneno hayo siku ya kwanza alipoingia humu. Akaniamini, maskini, akaenda kushona gizani miaka tisa akiwa amelipa mgongo dirisha.

Mimi nilikuwa na miaka mitatu. Wewe ulikuwa na kumi na mmoja. Mtoto wa miaka kumi na mmoja anajua dirisha.

Salamu kwa shemeji na watoto. Wewe utapata zako ukishajieleza.

18 Juni

Mdogo wangu,

Sina salamu za kuanzia, kwa sababu salamu ndizo zilizotufikisha hapa.

Unamjua Mzee Habari, jirani wa ng'ambo ya barabara. Pengine unamfahamu kwa mbali tu, anavyopunga mkono. Enzi hizo alikuwa kijana na alikuwa anakuja kila asubuhi, saa moja kamili, anaweka viwiko vyake kwenye dirisha letu na kuanza. "Habari za asubuhi? Za kuamka? Na mama? Na watoto? Na yule mdogo, jino limetoka? Na ng'ombe? Yule mwekundu? Na ndama wake? Na kwato? Ile ya kushoto?" Na ukimjibu ya kushoto, ilikuwepo ya kulia. Hakuwa na ubaya hata chembe, ndiyo ilikuwa taabu yenyewe. Mzee alikuwa na kikombe chake cha chai mezani, na kila siku aliitazama ikiota utando mbele ya macho yake. Miaka sita, mdogo wangu, mzee hajaonja chai ya moto.

Wiki moja mama alikwenda kumuuguza bibi. Siku hiyo hiyo mzee alirudi na kopo la rangi ya tela. Mimi ndiye niliyeshika ngazi. Alipaka vioo, akaona madirisha peke yake yatajulikana, akapaka ukuta, akaona ukuta peke yake utajulikana, akapaka nyumba nzima. Nje akajenga banda la kuku ili mtu asipate pa kusimama, na vioo akavifunika kwa viota. Tangu hapo tukawa tunatokea mlango wa nyuma.

Mama aliporudi alisimama katikati ya chumba. "Dirisha liko wapi?" Mzee akasema, "Dirisha gani?" na akapuliza chai yake. Mama alinyamaza kwa hasira mwezi mzima, na mwezi ulipoisha ikawa aibu kuuliza tena. Ndipo mzee akatundika kalenda.

Mimi nilinunuliwa viatu vyekundu nisiseme. Vilinibana, lakini nilinyamaza. Baadaye nikawa mtu mzima na bado nimenyamaza, na ukishanyamaza sana unaona heri kuendelea. Nimekutumia makopo kumi na moja ya rangi. Ningeweza kukutumia sentensi moja.

Nisamehe. Bomoa banda. Kamwite mkeo kabla ya tarehe mosi.

Dada yako, mwenye haya.

6 Julai

Dada yangu,

Salamu zako hizi hapa, zote, na nyongeza ya mguu.

Banda nimelibomoa. Kuku kumi na tisa wamehamia nyuma, mtetea mweusi peke yake anarudi kila siku kuchungulia. Vioo nimeviosha kwa maji ya ndoo saba. Siku jua lilipoingia nilikaa chini. Sikujua kwamba tuna sakafu nyekundu.

Tarehe ishirini na tisa nilikwenda kwa mama mkwe. Sikuchana nywele. Nilimwambia wifi yako, "Njoo uone kitu, ukichukie, halafu uende sokoni." Akaja na mkoba mdogo, wa mtu anayerudi jioni. Aliingia, akasimama kwenye mwanga, akaangalia kuta. Nyeupe ya chai chumbani, manjano ya boga jikoni, kijani cha zahanati hapo alipo, na kahawia iliyokwanguliwa nusu.

"Nani ameitapikia nyumba yangu?" akasema.

Dada, niliisikia ile "yangu" nikajifanya sikuisikia, ili asiirudishe.

Akasogeza meza mpaka dirishani, akakaa, akaweka mikono kama vile cherehani ipo. Na hapo, saa nne kasoro, viwiko viwili vikatua dirishani.

Amezeeka, lakini sauti ni ile uliyoniandikia. Alianza alipokomea. "Habari za siku nyingi? Na yule mwekundu? Na ndama wake?" Nikamwambia mwekundu alikufa nikiwa shule ya msingi. Akavua kofia. Akanipa pole, akauliza aliugua nini, akauliza ngozi tuliifanyaje. Halafu akaingia kwa ng'ombe aliyefuata. Nilipogeuka nikamwona wifi yako amejishika mbavu, machozi yanamtoka kwa kucheka, na katikati ya kicheko anajibu salamu, moja baada ya nyingine, mpaka za kwato. Miezi mitano sijamwona akicheka.

Mzee Habari akauliza, "Mama, unashona?" Akarudi na suruali mbili. Mtu aliyekuwa anapita barabarani akamwona amesimama, akasimama naye. Mpaka saa nane palikuwa na foleni dirishani. Jioni tulikwenda na mkokoteni kuchukua cherehani, na chumba cha sokoni amepewa muuza vitunguu.

Kwa hiyo mke wangu amerudi, nyumba ina mwanga, na mimi sijaonja chai ya moto tangu tarehe thelathini. Asubuhi ya tatu nilikwenda stoo, kutafuta nyundo, na kwa bahati mbaya mkono ukaangukia kopo la rangi ya tela ambalo mzee alilibakiza. Wifi yako alikuwa mlangoni. "Ukiligusa lile dirisha kwa brashi," akasema, "safari hii naondoka na cherehani, na kitanda, na huyo kuku. Rudi ukajibu salamu." Nikarudi. Tulikuwa tumefikia kwato ya kulia.

Jana Mzee Habari amemaliza ng'ombe wote, akaingia kwa watu. Wa kwanza kuuliziwa ni wewe. Nimemweleza kila kitu: kopo, viatu vyekundu, na nani alishika ngazi. Aliondoa viwiko dirishani, kitu ambacho wifi yako anasema hajawahi kukiona. Halafu akasema hana kinyongo hata kidogo. Ana maswali tu.

Nimemwambia utafika Agosti na utakaa wiki mbili. Kiti chako kipo tayari, pale dirishani.